Vigae vya Boelter Hall

Nilichelewa kuingia kwa sababu ya sakafu. Mlangoni mwa Boelter Hall, jengo la uhandisi la UCLA, Los Angeles, vigae vimetandikwa kwa rangi mbili, iliyokolea na iliyopauka, na wanafunzi wanavikanyaga tu. Mimi nilisimama kuvihesabu kama mtoto: sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja, moja, sifuri, sifuri. Ndiyo L. Inafuata O, mwanzo wa msemo mzima wa mshangao uliofichwa humo. Ni utani: tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline aliandika L na O akiwa chumba namba 3420 cha jengo hili, na kompyuta ya upande wa pili, kule Taasisi ya Utafiti ya Stanford, ikagoma. Hizo ndizo herufi za kwanza kupita kwenye mtandao uliozaa intaneti.

Chumba chenyewe kina kabati la kijivu la kifaa cha mtandao huo, kimo cha jokofu kubwa, lenye pete za chuma juu kana kwamba litapakiwa melini. Wageni hupiga picha hapo, kisha basi.

Mimi nilifuata nyayo za Profesa Gerald Estrin. Alikuwa amefanya kazi Princeton na mwanahisabati John von Neumann, na mwaka 1954 akaenda Israel na mkewe Thelma, mhandisi pia, kuunda kompyuta ya WEIZAC. Alihamia UCLA mwaka 1956. Miaka minne baadaye akatoa wazo ambalo wengi waliliona geni: kompyuta iwe na sehemu isiyobadilika, na pembeni yake saketi zinazopangwa upya kulingana na hesabu iliyopo. Mafiga yale yale, chungu ndicho kinachobadilishwa.

Shida ilikuwa mikono. Kubadili hesabu kulimaanisha kuchomoa vipande kwenye bodi, kuchomeka vingine, na kuunganisha nyaya upya. Hapakuwa na chipu ya kupangika upya ya kumsaidia. Chipu ya kwanza ya aina hiyo iliyouzwa, XC2064 ya kampuni ya Xilinx, ilitoka 1985. Ilikuwa na vitalu 64 tu vya mantiki. Siku hizi saketi hupangwa upya kwa faili.

Nikirudi kwenye lile kabati, nitasema bila kuogopa kwamba wapiga picha wanampita Estrin mwenyewe. Vint Cerf, aliyeshiriki kubuni itifaki za intaneti, alisimamiwa na Estrin katika shahada yake ya uzamivu. Paul Baran naye, aliyepata wazo la kuukata ujumbe vipande vipande, alisomea uzamili kwake.

Nikashuka ngazi. Msichana mwenye kahawa alikuwa amesimama juu ya ile O, akimsubiri mtu.