Yule Mwanamke wa Redio

Katika Star Trek ya zamani, ile iliyoanza 1966 ikakatizwa 1969, kila mtu ndani ya chombo cha Enterprise ana lake la kusifiwa. Kapteni Kirk anapigana. Spock anajua kila kitu. Daktari McCoy ananung'unika huku anatibu, na Scotty anazibembeleza injini zisilipuke. Halafu yuko Luteni Uhura, mwanamke mweusi wa gauni jekundu fupi, amekaa nyuma ya kapteni na kidude cha rangi ya fedha sikioni, anasema njia za mawasiliano ziko wazi. Utotoni nilimwona kama karani wa simu aliyepotea njia akajikuta kwenye nyota. Leo mimi mwenyewe ni mwanamke wa redio, na ushuhuda wangu unamhusu yeye.

Kanda za video zililetwa na mjomba wangu, baharia, kila aliporudi kutoka Ghuba. Nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa na watoto wengi kuliko viti, na tukishatazama kipindi tulikwenda darini kukiigiza. Binamu zangu waligawana vyeo kabla hata ya kupanda ngazi. Mimi, kwa kuwa ni msichana, nilikabidhiwa kikombe cha plastiki nikiweke sikioni.

"We Uhura, pokea simu!"

Nilikataa. Nilitaka kuwa Spock, mwenye akili na masikio. Kisa kikubwa kilichonikera ni kwamba Uhura hakuwa na la kufanya: hatari ikija, wenzake wanashika silaha, yeye anageuza kiti kueleza kwamba hakuna anayejibu.

Nilipofika sekondari niliuacha mchezo na kipindi chenyewe nikakiona cha kijinga. Ukweli ni kwamba kwa kuchekesha kinachekesha sana. Sayari nyingi ni jukwaa lile lile, limebadilishwa rangi ya mbingu. Mawe ya kutupiwa watu hudunda. Katika kipindi cha Arena, cha 1967, Kirk anapambana na Gorn, mjusi wa mpira anayepiga ngumi taratibu kama mtu aliyezama kwenye uji, na shati la kapteni linachanika kila linapopata nafasi. Baadhi ya vifaa vya upasuaji vya McCoy vilikuwa vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani, vilivyonunuliwa kwa ajili ya kipindi kimoja vikaonekana vya ajabu mno, ikahofiwa mtazamaji hatajua ni vya chumvi. Basi vikahamishiwa hospitali. Hata ule ujuzi maarufu wa kumsafirisha mtu kwa mwali wa mwanga ulitokana na uhaba wa pesa, maana kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungegharimu sana. Sikuwa naijua hiyo habari ya pesa wakati ule. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimekua.

Kazi ya redio niliipata bila kuitafuta. Nilisoma mambo ya mawasiliano chuoni, nikaajiriwa katika chumba cha pwani kinachosikiliza meli na mashua. Chaneli 16 ndiyo kila kitu kwetu. Ni masafa ya kuitana na ya kuomba msaada, yanasikilizwa mchana na usiku, na mwenye zamu haruhusiwi kusema kwamba alikuwa anakunywa chai. Nikiulizwa na watu wa mtaani nafanya nini, nilijibu: napokea simu tu, za meli. Hilo neno "tu" nilikuwa nalitanguliza kabla mwingine hajanitilia.

Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alifariki tarehe 30 Julai 2022, akiwa na miaka 89. Habari ilinikuta niko mapumzikoni baada ya zamu za usiku. Nikatoa bando la wiki nzima kwa ajili yake, nikaanza kutazama kipindi tangu mwanzo.

Nilidhani nitacheka, na nilicheka. Lakini safari hii macho yangu hayakukaa kwa kapteni. Mtu akishafanya kazi fulani hawezi tena kuitazama ikiigizwa bila kukagua, na mimi nilikuwa namkagua Nichols kama msimamizi wa zamu. Anaminya kidude sikioni kwa vidole. Anageuza uso mbali na wanaozungumza. Macho yanakwenda pembeni, hayatazami kitu. Hivyo ndivyo tunavyofanya sauti ikiwa hafifu: unazima chumba kizima kichwani mwako, unabaki na mkwaruzo na kinachojificha ndani yake. Sijui nani alimfundisha, pengine hakufundishwa. Alikuwa mwimbaji, aliwahi kuimba na Duke Ellington, na waimbaji wanajua kusikiliza.

Nikakumbuka usiku mmoja wa kusi, bahari imechafuka, sauti ya mvuvi ikatoka upande wa Shimoni ikiwa imekatikakatika. Nilichopata ni neno moja: maji. Likaja tena, maji. Sasa, mvuvi akisema maji, ameishiwa ya kunywa, au yanaingia chomboni? Ya kwanza inaweza kungoja alfajiri, ya pili haiwezi. Betri yake ilikuwa inakufa, sauti haikutosha kuniambia. Nikamwambia: kama yanaingia, bonyeza kitufe mara mbili, usiseme kitu. Nikasikia mlio mfupi, na wa pili. Boti ilitoka, watu wakarudi nchi kavu wakiwa hai. Ripoti iliyoandikwa asubuhi ilimtaja nahodha wa boti, mabaharia wake, hali ya bahari na kiasi cha mafuta yaliyotumika. Aliyesikia ile milio miwili hakuwamo. Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Ndivyo ripoti zote zilivyokuwa.

Kipindi kilichonibadilisha ni Who Mourns for Adonais?, cha 1967. Kwa upuuzi wa hadithi hakina mpinzani: mungu Apollo wa Wayunani yuko hai kwenye sayari ya mbali, amevaa kitambaa kinachong'aa, na mkono mkubwa wa kijani umeikamata Enterprise angani kama mtoto aliyekamata nzi. Mkono, kweli. Lakini huku nyuma, kapteni akiwa chini na mawasiliano yamekufa, Uhura ameingiza mikono ndani ya mitambo yake na anaunganisha nyaya moja moja. Anasema kazi ya namna hiyo hajaifanya kwa miaka. Spock, ambaye sifa zake ni adimu kama mvua ya Januari, anamwambia hamjui mtu mwingine anayeiweza kuliko yeye. Kisha anamwacha aendelee. Tukio zima halifiki dakika moja, nami nilikuwa nimelitazama utotoni pasipo kuliona. Nilikuwa nasubiri ule mkono urudi.

Kutoka hapo nikaanza kumtafuta katika kila kipindi. Kile cha kwanza kabisa kurushwa Marekani, The Man Trap, cha tarehe 8 Septemba 1966, kina jini linalonyonya chumvi mwilini mwa watu na kujigeuza umbo. Linapomwendea Uhura linajifanya mwanamume mzuri mweusi, nalo linamsemesha kwa Kiswahili. Hebu fikiria: kabla Wamarekani hawajajua vizuri Spock ni nani, walikwisha sikia Kiswahili sebuleni kwao, tena kinywani mwa jini. Katika The Changeling, mwaka uliofuata, mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, inashindwa kuelewa kuimba ni nini, inamfuta kumbukumbu zote. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na akikasirishwa na somo anafoka kwa Kiswahili. Imekuwaje mashine ikafuta yote na Kiswahili kikabaki, mwandishi hakujisumbua kueleza. Mpwa wangu, niliyemwonyesha, ana jibu lake: "Shangazi, Kiswahili hakifutiki." Mimi naona mwandishi alikuwa na haraka. Baada ya wiki moja Uhura anarudi kazini, na hakuna anayelizungumza tena.

Hapo ndipo hasira yangu ya utotoni ilipopata mahali pa kwenda. Uhura hakukosa kazi; alinyimwa dakika. Nichols alisimulia mara nyingi jinsi maneno yake yalivyokuwa yakikatwa wiki baada ya wiki, hata mwisho wa msimu wa kwanza akamwendea Gene Roddenberry, mwanzilishi wa kipindi, kumwambia anaacha. Mwishoni mwa juma hilo, katika hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akaelezwa kwamba kuna mpenzi wa Star Trek anataka kumwona. Alikuwa Martin Luther King. Alipomwambia kuwa anaondoka, King alimkatalia: kwa mara ya kwanza Wamarekani walikuwa wakiona kila wiki mwanamke mweusi aliyeheshimiwa kwa ujuzi wake, na kiti kile akikiacha kinaweza kujazwa na yeyote. Jumatatu Nichols akarudi kwa Roddenberry, akabaki. Mwaka 1977 NASA ilimtumia kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe uanaanga. Na Mae Jemison, daktari aliyekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, ndani ya chombo cha Endeavour mwaka 1992, alikuwa akianza zamu yake kwa kutangaza maneno ya Uhura, kwamba masafa yako wazi. Maneno yale yale niliyokuwa nikiyaona ya karani wa simu.

Nisimfanye malaika mtu wa kuigizwa. Star Trek ilimtendea vibaya hata ilipokuwa ikimpamba. Sketi ile si vazi la kazi kwa mtu anayelazimika kuingia chini ya mitambo. Katika The City on the Edge of Forever, ambacho wengi hukihesabu kuwa kipindi bora kuliko vyote, Uhura yumo kidogo mno, na sehemu yake inayokumbukwa ni kumwambia kapteni kwamba anaogopa. Wanaume wako pale pale, historia yote imefutika, na hakuna mwingine aliyeandikiwa kuogopa. Kuongoza chombo alipewa 1973 katika Star Trek ya katuni, kwenye The Lorelei Signal, baada ya wanaume wote kulegezwa na warembo wa sayari. Hata jina la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini mpaka filamu ya 2009.

Kuna jambo jingine lililonifanya nicheke peke yangu. Tuliokulia pwani tulikuwa tukiambiwa mambo ya nyota ni ya Wazungu na sinema zao. Kumbe tarehe 12 Desemba 1970, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Star Trek kuzimwa, roketi ya kweli ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupokea: kuzunguka huku ikinasa kinachotoka mbali, na kwa data zake wanaastronomia wakaanza kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mjomba alipita na meli maji yale mara nyingi. Hakuna aliyetuigizia hiyo darini.

Kazini nilibadilisha mambo mawili. Neno "tu" nimeliacha. Na ile fomu ya ripoti ya matukio niliipeleka kwa mkuu wetu.

"Mzee, aliyepokea mwito si mtu?"

Akaisoma, akainua miwani. "Mtu, mama. Kwani vipi?"

"Basi mbona hana nafasi hapa?"

Alicheka, akadhani natania, kisha akaona sitanii. "Ongeza mstari," akasema. Sasa mstari upo: jina la mpokeaji, saa aliyosikia, alichosikia kwa maneno yake. Vijana wapya wanadhani umekuwapo siku zote, na sijawaeleza kwamba chanzo chake ni mungu wa Kiyunani na mkono wa kijani. Hata hivyo faida yake si heshima pekee. Tulipoanza kuandika kilichosikika hasa, badala ya kile boti ilichokikuta, tukagundua mahali ambapo sauti hupotea mara kwa mara, na tukaomba mnara upimwe upya. Umepimwa.

Anayetaka kuitazama Star Trek leo aache kuomba msamaha kwa sababu ya mawe ya kudunda. Ndiyo raha yenyewe, na ukikaa nayo unaona watu waliokosa pesa lakini hawakukosa la kusema. Aanze na Mirror, Mirror, ambamo Uhura anamzubaisha adui ili mitambo isimshtue, kisha anamchomolea kisu. Afuate na The Trouble with Tribbles kwa ajili ya kicheko. Spock's Brain, ambamo ubongo wa Spock unaibwa, kisha wenzake wanautembeza mwili wake kwa rimoti, aiweke mpaka siku atakayougua mafua na hana la kufanya. Na popote anapoona gauni jekundu limegeukia mitambo, asisogeze mbele. Sehemu hizo ni fupi, na katika vipindi vyote 79 hazitoshi.