Vitanda Kumi na Kimoja



Kwa sensa ya 2020, Oman ilikuwa na watu wapatao milioni 4.5 katika nchi ya kilomita za mraba 309,500 hivi. Gawa, utapata watu 14 kwa kila kilomita. Unguja na Pemba, kwa sensa ya 2022, ni zaidi ya 750. Marehemu mama hakuzijua hesabu hizi, lakini alizihisi tulipohamia Ibra kutoka Ng'ambo mwaka 1975, mimi nina miaka mitano. "Huku ukipiga chafya hakuna wa kukwambia yarhamuka Llah," alisema.

Lakini hao 14 hawakai popote. Ukitoka Ibra kwenda Sur utapita vilima vitupu, kisha ghafla mitende, na pembeni yake nyumba zimebanana kama Ng'ambo penyewe. Watu walifuata maji ya falaj, ile mifereji ya kale. Inapoishia, na watu wanaishia hapo. Nizwa ni hivyo hivyo: mtaa wa kale wa al-Aqr, karibu na ngome, ukuta umeegemea ukuta.

Haya niliyajua. Hata hivyo mwaka 2004 nilipopewa kazi ya kupima tangi la maji la kijiji chetu, nilichukua idadi ya sensa ya 2003, nikazidisha kwa lita, nikaongeza theluthi kwa ajili ya uzazi. Nyumba nyingi zilikuwa na mzee mmoja au wawili, vijana wote wako Maskati. Mama akaniuliza, "Na Idi je?" Nikacheka. Nilikuwa na shahada ya Glasgow, bwana.

Idi Kubwa ya kwanza tangu tangi lifunguliwe, nyumba ya mama, iliyoandikwa mtu mmoja, ilikuwa na watu 23. Siku ya pili, wakati wa kufukua shuwa, nyama iliyofukiwa shimoni, mabomba yakakauka kijiji kizima. Mama hakusema kitu. Alinipa ndoo, nikaenda nayo kwenye falaj mbele ya majirani. Falaj ilikuwa ikitiririka.

Ndipo nilipokumbuka kwamba karani wa sensa alipomuuliza ni wangapi, mama alijibu, "Kumi na mmoja." Wanalala hapa? "Vitanda vyao vipo." Karani akaandika mmoja.

Tangi la pili tulilipimia Idi. Wakubwa walilalamikia gharama, na hawakukosea sana, maana siku za kawaida maji hukaa mno tangini, na maji yakikaa mno huharibika. Tukaligawa vyumba viwili, kimoja kikafungwa mpaka msimu.

Sensa ya 2020 haikubisha hodi kwa mtu. Ilitoka kwenye kumbukumbu za serikali, na mimi nimo katika hesabu ya Maskati. Alkhamisi hii nikitoka kazini nitakuwa kwenye foleni ya Bidbid pamoja na wenzangu. Vitanda vyote kumi na kimoja vipo. Magodoro mawili nimeyabadilisha.