Hekalu la Malkia Meenakshi

Katika mji wa Madurai, kusini mwa India, katika nchi ya Watamili, limo hekalu kongwe ambalo mwenye nyumba ni mke. Jina lake Meenakshi, yaani mwenye macho mfano wa samaki. Mumewe, Sundareswarar, ambaye ndiye Shiva kwa jina jingine, naye anayo makao humo. Lakini desturi yataka mwenye kuja kuabudu aanze kwa mke, ndipo aende kwa mume.

Husimuliwa kwamba mfalme mmoja wa ukoo wa Pandya hakujaliwa mtoto. Alipotoa kafara, akatoka motoni binti mwenye matiti matatu, na sauti ikanena kwamba titi la tatu litatoweka siku atakapomwona mumewe. Binti akatawazwa, akaongoza majeshi, akashinda nchi baada ya nchi, hata akafika mlima Kailasa alikokaa Shiva. Alipomtazama tu, titi likatoweka. Harusi yao huadhimishwa upya kila mwaka, kati ya Aprili na Mei, na mji mzima hufurika watu. Kabla ya harusi malkia huvikwa taji, naye hutawala miezi minne. Minane iliyobaki ni ya mumewe. Na kila usiku makuhani huzichukua nyayo za mume kwa machela hadi chumbani kwa mke. Mume ndiye apelekwaye!

Mwaka 1311 mji uliingiliwa na jeshi la Malik Kafur, jemadari wa Sultani wa Delhi, ukaporwa. Sehemu kubwa ya majengo yaonekanayo leo ni kazi ya watawala wa Nayaka, katika karne ya 16 na ya 17. Minara ya malango ni 14, na ule wa kusini wapita mita 50, umejaa sanamu za rangi toka chini hata juu.

Lakini kinivutacho mimi zaidi ni birika la maji lililo ndani, Birika la Yungiyungi la Dhahabu. Hapo, kwa masimulizi, ndipo walipokutana washairi wa Kitamili. Mswada ulitupwa majini: ukielea, ni mzuri, ukizama, basi. (Sisi tuliozoea kupimwa kwa vina na mizani tushukuru.) Siku moja lililetwa shairi lililotungwa na Shiva mwenyewe, na mshairi Nakkirar akalitia dosari. Mungu akafumbua jicho lake la tatu, lenye moto. Nakkirar hakubadili neno: kosa ni kosa, hata likiwa la mungu. Akaungua, akaangukia birikani.

Kosa la hekalu lenyewe lilichelewa mno kusahihishwa. Kwa muda mrefu watu wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa najisi hawakuruhusiwa kuvuka malango yale. Malkia alikuwa wao pia, nao wakabaki nje. Tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer, wakili na mfuasi wa Gandhi, naye ni Mbrahmani, aliwaongoza baadhi yao kuingia. Wako makuhani waliopinga vikali. Mwaka huo huo serikali ya Madras ilipitisha sheria ya kuwalinda waliofungua mahekalu. Gandhi, ambaye hakutaka kuingia hekalu lililowafungia wengine mlango, aliingia humo mwaka 1946.