Omiya: Kijiji ambako miti hurithiwa kama shamba

Je, msomaji, umewahi kuona mti unaomzidi babu yako umri, ilhali kimo chake hakimfikii mtoto wa chekechea? Kama bado, funga safari nasi leo hadi Japani.

Ukipanda treni jijini Tokyo kuelekea kaskazini, baada ya kama nusu saa utafika Omiya, katika jiji la Saitama. Hapo pana mtaa mtulivu uitwao Bonsai-cho. Umepewa jina hilo kwa sababu ya bonsai, yaani miti halisi inayokuzwa katika vyungu vidogo hadi ikafanana na mizee ya msituni.

Kijiji hiki kilizaliwa na msiba. Mnamo Septemba 1, 1923, tetemeko la ardhi liliiharibu vibaya Tokyo na kuua watu zaidi ya 100,000. Watunza bonsai wakatafuta mahali penye nafasi, maji safi na hewa nzuri, na mwaka wa 1925 wakaanza kuhamia Omiya. Walijiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, lango lake liwe wazi kwa wageni, asijenge nyumba ya ghorofa, na ua wake uwe wa miti.

Wengi hudhani bonsai hudumaa kwa kunyimwa chakula. La hasha! Hulishwa mbolea na kumwagiliwa maji kila siku. Kinachoizuia kurefuka ni makasi: matawi hupogolewa, na mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka michache. Kisha matawi huvishwa waya yafuate mkondo autakao fundi. Samaki mkunje angali mbichi, na tawi nalo ni vivyo hivyo.

Hata hivyo, si kila mti hukubali kukunjwa. Msonobari na mreteni huvumilia mengi, lakini mbetula ni mwingine kabisa. Huu ni mti wa nchi za baridi, wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Huko Japani humea Hokkaido na katika nyanda za juu za Nagano. Ukiukata majira ya kuchipua, utomvu humwagika kama maji ya bomba. Ukiutia kidonda kikubwa, huoza upesi. Na hata usipoukosea, tawi ulilolilea miaka kumi laweza kukauka ghafla. Basi fundi mwerevu huupunguza kidogo kidogo wakati wa joto, na huacha chipukizi la akiba karibu na kila tawi. Mbetula haulazimishwi, hubembelezwa.

Subira hiyo ndiyo iliyokiokoa kijiji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, bonsai zilihesabiwa kuwa anasa, na bustani nyingi zikafungwa. Kyuzo Murata wa bustani ya Kyuka-en alikuwa miongoni mwa wachache walioendelea kuitunza miti. Fikiria, msomaji: mti ulio chunguni hauwezi kupeleka mizizi mbali kutafuta maji. Siku chache za jua kali zatosha kuangamiza kazi ya vizazi vitatu.

Kabla ya vita bustani zilikuwa kama 30. Leo hazifiki 10. Baba akizeeka, swali ni moja tu: nani atashika ndoo ya maji?

Ukijaliwa kufika huko, anzia kwenye jumba la makumbusho ya bonsai lililofunguliwa mwaka wa 2010, ila si Alhamisi kwa kuwa hufungwa. Mwanzoni mwa Mei kuna tamasha kubwa mitaani. Katika bustani za watu binafsi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, wala usiguse tawi. Huenda mkono wa mwisho kulikunja ulikuwa wa mtu aliyefariki kabla hujazaliwa, na anayelimwagilia leo ni mjukuu wake.