Mkanda Ukae Jirani na Injini

Kabla ya kanuni za mwaka 2010 kuziruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, mkaa wa Kisarawe ulishuka kwenda Dar es Salaam kwa baiskeli za Phoenix na Swala, magunia yamefungwa juu kiasi kwamba kwa nyuma mwendeshaji haonekani, na kwenye vilima vya Pugu anashuka kusukuma. Anayetaka kuitia injini baiskeli ya namna hiyo huufikiria mkanda kwanza, na si ajabu, maana toka Maili Moja hadi Maneromango mashine ya kusaga inafahamika: injini huku, kinu kule, mkanda wa raba katikati. Ila kinu kimetulia chini ya bati. Gurudumu la nyuma linapita kwenye matope.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mkanda unaifaa baiskeli, ila ukae jirani na injini. Hesabu yenyewe inakataa kuupeleka gurudumuni moja kwa moja. Injini ndogo ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 26 kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa linahitaji mizunguko kama 240 tu. Puli ya injini ikiwa na sentimita 6, ya nyuma ingepaswa kuwa na sentimita 120 hivi, kubwa kuliko gurudumu lenyewe! Dawa ni shafti ya katikati: mkanda utoke puli ya sentimita 6 kwenda ya 24, kisha cheni itoke gia ya meno 9 kwenda ya meno 45. Mkanda unabaki kwenye kasi kubwa na mvuto mdogo. Mvuto mkubwa unabebwa na cheni, ambayo haitelezi.

Historia nayo ilipita njia hiyo. Pikipiki ya Triumph Model H ya mwaka 1915 iliweka cheni mbele na mkanda nyuma, na mkanda ukilowa ulikuwa unateleza. Baadaye cheni ikachukua gurudumu. Skuta nyingi za leo zimeufungia mkanda ndani ya kava kando ya injini, gurudumu likaachiwa gia. Mtu atanitajia Harley-Davidson zenye mkanda nyuma. Kweli, lakini ule una meno na nyuzi ngumu, na puli zake hazitaki kupinda hata kidogo. Fremu ya kuchomelea haina unyoofu huo.

Basi kwa nini isiwe cheni kote? Kwa sababu kuteleza kwa mkanda, karibu na injini, ni faida. Puli ya kukazia ikilegezwa, injini inazunguka bure, na fundi amepata klachi bila kununua klachi. Kwenye tambarare za Kibaha meno 45 yanatosha. Wa vilima vya Kisarawe aongeze meno ya gia ya nyuma, akubali kwenda polepole, na pedali asizing'oe.