Kamba wa Nyamisati

Nilizaliwa katika delta ya Rufiji, ambako maji hupanda na kushuka mara mbili kila siku baina ya mizizi ya mikoko, na tangu udogo wangu nilizoea kutazama jinsi rangi moja ilalavyo juu ya nyingine: bamvua lijapo, maji membamba hutandaa juu ya tope jeusi, na tope lisifutike, bali likabaki kuonekana kwa chini, limelainika na kupata ukijani ambao hapo kwanza halikuwa nao. Jambo hilo nililiacha kando miaka mingi, maana kazi niliyoanza nayo haikulihitaji.

Kazi hiyo ilikuwa kuandika mabango kwa brashi pale Kibiti, kando ya barabara iendayo Lindi na Mtwara. Rangi ya mafuta huficha kila kilicho chini yake, na aitakaye ya pili hana budi kungoja ya kwanza ikauke, kungoja ambako wakati wa masika huweza kuchukua siku mbili. Kibiti ilipotengwa na Rufiji ikawa wilaya, mwaka 2016, wateja wangu waliongezeka, nami nikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na kujifunza programu ya Inkscape, ambayo hutolewa bure tangu 2003. Miezi ya kwanza niliitumia kama kopo la rangi: nachora umbo, nalijaza rangi moja nzito, napita.

Aliyenitoa katika mazoea hayo ni mzee mmoja, mfanyabiashara wa kamba kutoka Nyamisati, bandari ndogo wapandiapo watu vyombo vya kwenda Mafia. Aliagiza bango lenye picha ya kamba. Nikamchorea mmoja mwekundu, tena mwekundu wa kukolea. Akaitazama kazi kwa utulivu.

“Mwanangu, huyu ni wa sufuriani. Mimi nauza waliotoka majini asubuhi.”

“Niwie radhi, mzee wangu. Nitamchora upya.”

“Kesho nitakuletea wa kumtazama.”

Akamleta kweli, ndani ya bakuli la maji. Nikamlaza juu ya sahani nyeupe karibu na dirisha, na wallahi nilikaa naye takriban saa nzima kabla ya kushika mausi. Kamba mbichi hana rangi ambayo mtu aweza kuinyoshea kidole: mwili wake wapenyeza nuru, mshipa mweusi waonekana mgongoni, vidoa vya hudhurungi vimetawanyika, na mkia waingia katika urujuani polepole pasipo mpaka.

Katika Inkscape umbo moja hupokea mjazo mmoja tu. Kwa hiyo nililinakili umbo la mwili likawa tabaka tano, moja juu ya nyingine. La chini kabisa nililipa rangi ya mchanga uliolowa. La pili hudhurungi, iliyokolea mgongoni na kufifia hata kutoweka tumboni. La tatu samawati, robo tu ya ukolevu wake. La nne urujuani wa mkia. La juu weupe mwembamba wa nuru ya dirishani. Nikaona tope na maji ya bamvua vimenirudia.

Lakini ukingo wa tumbo ulikuwa mchafu, una ukungu wa kijivu, na kwa siku mbili sikuifahamu sababu. Mwisho wa ile hudhurungi nilikuwa nimeuweka mweusi usioonekana, nikidhani kisichoonekana hakina rangi. Kumbe njiani, kabla ya kutoweka, weusi ule huchanganyika na hudhurungi na kuitia masizi. Rangi ififiapo yapasa kubaki ile ile, ukolevu ndio upungue. Nilipozifanya ncha zote mbili hudhurungi moja, ya pili ukolevu wake sifuri, tumbo likang'aa. Hilo ndilo nimfundishalo kwanza kila kijana ajaye kwangu, na sidhani ninalo la thamani kulishinda.

Kuchapa kukaleta yake, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga, ilhali mashine huchanganya wino; samawati ikatoka nzito, nikaipunguza.

Mzee aliporudi nikampa karatasi ya jaribio. Akaitoa nje juani, akapitisha kidole chini ya kifua cha kamba, akihesabu.

“Rangi umeipata. Ila miguu ya kutembelea ni jozi tano, mwanangu. Hapa naona nne.”

Nikarudi kitini kuichora ya tano, kwa tabaka zile zile, na kazi hiyo ikanichukua hata adhuhuri.