Nahodha Akichanganyikiwa, Nani Aseme?

Mkivuka kwa kivuko toka Musoma kwenda Kinesi, mmepata kujiuliza: nahodha akichanganyikiwa katikati ya maji, mabaharia wafanye nini? Wakinyamaza, twaweza kuzama sote. Wakimfunga kamba, kesho atafungwa nahodha ye yote asiyependwa.

Nchi nayo ni chombo. Mimi tangu niisome Ibara ya 37 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 nawasimulia ndugu zangu wa Bunda, nao wengi hawasadiki. Mawaziri wakiona Rais hamudu kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, waweza kumpelekea Jaji Mkuu azimio. Yeye huteua madaktari mabingwa wasiopungua 3 wachunguze. Akiridhika, aweza kumwandikia Spika. Na Rais asipopata nafuu katika siku 7, kiti ki wazi. Kumbe si uasi!

Lakini mawaziri hao huteuliwa na Rais yule yule. Nani atalitamka neno hilo kwanza, tena mbele ya wenzake? Hapo naona pagumu kuliko kazi ya madaktari. Mwalimu Nyerere alituepusha na mtihani huo: mwaka 1985 aliuacha urais akiwa na akili timamu, akarudi kwao Butiama kulima.